Tusiisingizie SOAP, miongozo yetu ndiyo mibovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba mifumo ya kompyuta ya taasisi zetu haisomani kwa sababu bado mingi inatumia SOAP, utaratibu wa zamani wa mifumo kutumiana ujumbe wa XML (maandishi yenye alama ndani ya mabano ya pembe), na kwamba siku taasisi zote zikihamia JSON, muundo mwepesi zaidi wa mabano ya mawimbi, mambo yatanyooka. Barua yake nimeisoma mara mbili, maana anachokizungumzia ndicho kinachonipa ugali. Naona amemkamata asiyehusika.

Mimi ni mhasibu kwa kusomea na mwandishi wa programu kwa kulazimika. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Tanga inanunua iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu kwa wakulima wa Muheza, hasa wa huko milimani Amani, inasafisha, inafungasha na kuuza nje. Idara ya TEHAMA hatuna. Nipo mimi, ipo kompyuta ya mezani iliyofungwa Linux, na kila mwaka vyuo vikifunga anakuja kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo.

Mtu atauliza muuza iliki anatafuta nini kwenye SOAP. Anatafuta kutotapeliwa. Kila msimu tunapokea barua pepe za watu wanaojiita wanunuzi wa Ulaya. Wengine ni wa kweli, wengine wanataka tuwatumie mzigo kwa ahadi. Mnunuzi wa kweli aliyesajiliwa VAT katika nchi ya Umoja wa Ulaya ana namba, na Kamisheni ya Ulaya imeweka huduma iitwayo VIES ambayo mtu yeyote anaweza kuiuliza bure, hata sisi tusio walipakodi wao: namba hii ipo hai au la? Ikiwa hai, kwa nchi nyingi hurudi na jina la kampuni pamoja na anwani. Mtu akijitambulisha kuwa ni kampuni ya viungo ya Rotterdam, kisha namba yake ikarudi na jina la saluni ya mji mwingine, tunajua la kumjibu. Ujerumani na Hispania hawatoi jina, panapotakiwa jina vinakuja vistari vitatu vitupu, na hapo inabidi tupige simu kama zamani.

VIES inazungumza SOAP. Siku hizi imefungua na mlango wa JSON, hilo nalijua kabla sijakumbushwa, ila programu yetu imeandikwa kwa SOAP na haijanipa sababu ya kuibomoa.

Niliiandika kwa mkono. Kawaida watu huchukua faili la WSDL, ambalo ndilo mkataba wa huduma, wakaliingiza kwenye zana, zana ikawazalishia rundo la mafaili ya msimbo, wakaita kitendo kimoja na kazi imekwisha. Sina ugomvi na njia hiyo inapofanya kazi. Isipofanya kazi, aliyezalishiwa hana pa kushika, kwa kuwa hajawahi kuona kinachosafiri kwenye waya. Na zana nazo hazidumu. Wanaoandika kwa lugha ya Java wanaikumbuka wsimport, zana ya namna hiyo iliyokuwa ndani ya JDK yenyewe, yaani furushi la kuandikia Java. Toleo la 11 lilipotoka mwaka 2018 haikuwemo tena, na aliyezoea kubonyeza tu akajikuta hana cha kubonyeza.

Kinachosafiri ni hiki hapa, na Mhariri nakuomba usikikate, kwa sababu nusu ya hoja yangu imo humu:

<soapenv:Envelope xmlns:soapenv="http://schemas.xmlsoap.org/soap/envelope/" xmlns:v="urn:ec.europa.eu:taxud:vies:services:checkVat:types">
  <soapenv:Body>
    <v:checkVat>
      <v:countryCode>NL</v:countryCode>
      <v:vatNumber>100</v:vatNumber>
    </v:checkVat>
  </soapenv:Body>
</soapenv:Envelope>

Ni hayo tu. Bahasha, ndani yake mwili, ndani ya mwili swali lenye vitu viwili: herufi za nchi na namba. Unaituma kwa POST ya kawaida ya HTTP, njia ile ile ambayo tovuti hupokelea fomu, unasubiri bahasha nyingine irudi. Anayejua kuandika fomu kwa PHP, lugha ya kuandikia tovuti, anaweza kuandika hiki kabla chai haijapoa.

Lakini pana mahali pa kujikwaa, na sitaki kumdanganya msomaji. PHP ikituma kwa cURL, chombo chake cha kutumia maombi, bila kuelekezwa, inaitambulisha data yako kuwa ni fomu ya tovuti, hivyo lazima wewe mwenyewe uandike kwenye Content-Type, mstari unaotaja aina ya data, kwamba hii ni text/xml. Kisha SOAP 1.1 inataka mstari wa SOAPAction, unaotaja kusudi la ombi. Hata pale mkataba unaposema thamani yake ni tupu, mstari uandike, na alama zake za nukuu. Halafu matoleo yako mawili. SOAP ilianza kuundwa mwaka 1998 na kina Dave Winer na Don Box pamoja na watu wa Microsoft. Toleo la 1.1 lilifikishwa W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, Mei 2000, na 1.2 likapitishwa rasmi Juni 2003. La pili lina anwani tofauti ya bahasha, linatumia application/soap+xml, na ile SOAPAction imeondolewa ikawa kipengele ndani ya Content-Type. Mtu akinakili nusu ya mfano kutoka hapa na nusu kutoka kule, anapata bahasha ya toleo moja yenye utambulisho wa toleo jingine, seva inaikataa, naye anatoka akisema SOAP ni ngumu.

Kitu kinachowasumbua zaidi vijana wangu ni zile anwani ndefu za xmlns, yaani nemspesi. Wanadhani ni viungo vya kufungua kwenye kivinjari. Mimi huwaambia zinataja ukoo: Juma wa ukoo huu si Juma wa ukoo ule, hata kama wanaitana kwa jina moja. Herufi fupi zinazotangulia, kama hiyo v: yangu, ni lakabu tu ya kufupishia, na kila upande unachagua ya kwake. Kijana wa mwaka juzi alikuwa mwepesi sana wa mikono. Aliandika msimbo unaotafuta maandishi <ns2:valid> ndani ya jibu, ukakuta, ukafanya kazi, akafurahi. Nikamuuliza, kesho wenye seva wakiamua lakabu iwe herufi nyingine, je? Wana haki hiyo, mkataba haujawanyima. Tukafuta, tukaandika upya kwa kisoma-XML kinachotafuta kwa anwani kamili ya nemspesi. Mistari ilikuwa michache kuliko ya kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani majibu.

VIES haina daftari lake. Ukiuliza namba ya Uholanzi, inakwenda kuuliza mfumo wa kodi wa Uholanzi, na ukiuliza ya Ubelgiji inakwenda Ubelgiji, kisha inakuletea jibu. Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti kabisa yanayoweza kukurudia. La kwanza ni valid (iko hai?) yenye neno false (hapana): tumeuliza, wenye nchi wamesema namba hii haipo hai. La pili ni Fault, yaani bahasha ya hitilafu, yenye maneno kama MS_UNAVAILABLE: hatukuweza kuuliza, mfumo wa nchi hiyo haupatikani kwa sasa. Programu inayoyachanganya haya mawili itamwita mteja mwaminifu tapeli kwa sababu tu seva ya nchi yake ilikuwa kwenye matengenezo. Kuna pia TIMEOUT, na kuna INVALID_INPUT, ambayo huja ukituma kitu kisichoeleweka. Ugiriki kwa mfano haitumii GR, inatumia EL. Ukiandika GB kwa mteja wa London hutapata kitu, maana namba za Uingereza ziliondoka VIES tarehe 1 Januari 2021, ikabaki Ireland ya Kaskazini peke yake kwa herufi XI.

Na hapa anayeandika kwa mkono anahitaji kujua kanuni moja ya SOAP 1.1: hitilafu ikipita juu ya HTTP inatakiwa ije na hali ya 500, yaani namba ambayo seva hutanguliza kusema ombi limeendaje. Wengi tumefundishwa kwamba 500 ni seva imekufa, tupa jibu, jaribu tena. Kwenye SOAP hiyo 500 ina barua ndani na barua hiyo ndiyo inayosema nini kimetokea. Isome kwanza. Msimbo unaosema "kama si 200 (namba ya salama), tupa" unatupa sentensi pekee iliyoandikwa kwa ajili yako.

Tarehe nayo ina vituko vyake. Jibu la VIES linakuja na requestDate yenye tarehe na mbele yake tofauti ya saa, +01:00 majira ya baridi, +02:00 majira ya joto, na visomaji vingi vya tarehe vinagoma kuona saa iliyobandikwa kwenye tarehe tupu. Sisi tuko +03:00 mwaka mzima. Ukiuliza saa sita na nusu usiku hapa Tanga, Brussels bado ni jana, kwa hiyo usishangae kumbukumbu zako kutofautiana siku moja na jibu ulilopewa. (Ndiyo, kuna watu tunafanya kazi saa hizo. Meli haijali.)

Nilijifunzaje haya yote bila kozi wala kupiga simu Brussels? Kwa sababu wenye VIES wameweka, kando ya huduma ya kweli, huduma ya majaribio. Bahasha ni ileile, kinachobadilika ni mwisho wa anwani tu. Ukituma namba 100, kama nilivyoandika hapo juu, unajibiwa kwamba iko hai. Ukituma 200 unajibiwa haiko hai. 201 inakuletea INVALID_INPUT, 300 inakuletea SERVICE_UNAVAILABLE, 301 inakuletea MS_UNAVAILABLE, 302 inakuletea TIMEOUT. Kila hitilafu unaiita kwa namba yake inakuja, unaitazama bahasha yake, unaandika msimbo wa kuipokea, unaiita tena. Na maelezo ya hizo namba wameyaandika ndani ya WSDL yenyewe, kwa lugha ya binadamu.

Namwomba ndugu yangu msomaji alilinganishe hilo na lile lililotupata kwa kampuni moja ya kusafirisha mizigo, ambayo sitaitaja. Walitupa huduma ya SOAP ya kufuatilia makontena, pamoja na mwongozo wa PDF. Mwongozo ulikuwa na nembo, dibaji ya mkurugenzi, na picha za skrini za zana fulani ambayo sisi hatuna. Bahasha nzima, kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho, haikuwamo. WSDL yao ilisema huduma inapatikana kwenye localhost, yaani ndani ya kompyuta ya yule yule aliyeiandika. Zana yoyote inayotii mkataba ingekwenda kugonga mlango wa nyumba yetu wenyewe. Kwa kuwa tunaandika kwa mkono tuliweka anwani ya kweli, tukapita. Kisha tukakwama kwenye mpangilio. Mkataba wa XML unaweza kudai vipengele vije kwa mfuatano maalumu, na wao walidai hivyo, lakini jedwali la mwongozo lilikuwa limepanga majina kwa alfabeti. Jibu la seva kwa kila kosa lilikuwa moja: hitilafu ya mfumo, wasiliana na msimamizi. Msimamizi tulimtafuta. Alikuwa mtu mwema na alikuwa likizo.

Ningeishia hapo, msomaji wa wiki iliyopita angesema, unaona, SOAP hiyo! Lakini kampuni ile ile baadaye ilihamia JSON. Tukapokea mwongozo mpya. Nembo mpya, dibaji ile ile. Ombi kamili la mfano halikuwamo. Sehemu ya tarehe iliandikwa tu "tarehe", bila kusema ianze siku au mwaka, na bila kusema ni saa ya Dar es Salaam au ya wapi. Uzito wa mzigo, je, ni namba au ni maandishi? Kwenye WSDL ile mbovu angalau jambo hilo lilikuwa limeandikwa na mashine inalikagua. Kwenye JSON yao tulilazimika kukisia. Na hitilafu sasa zilikuja na hali ya 200, kana kwamba kila kitu ni salama, na ndani yake msimbo 99. Maana ya 99 haikuwa kwenye PDF. Kwa hiyo muundo ulibadilika, na kusomana kukabaki pale pale, tena kwa upande mmoja tulirudi nyuma.

Kenya wanaikumbuka hadithi hii kwa sura njema. Safaricom walipofungua Daraja, huduma yao ya kuunganisha programu za wengine na M-Pesa, mwaka 2017, waandishi wa programu waliokuwa wakiunganisha M-Pesa kwa SOAP walihamia JSON na wengi wakashukuru. Wanaosimulia husifia JSON. Ninachosifia mimi ni kwamba ilikuja na tovuti ya maelezo na jukwaa la majaribio ambamo kijana aliyeko Kisumu anaweza kujaribu malipo bila kugusa shilingi ya mtu. Toa hilo jukwaa, uache JSON peke yake, halafu uone kama mtu angeshukuru.

Viongozi wetu wamekuwa wakisisitiza kwamba mifumo ya serikali isomane, na ni agizo la haki. Hofu yangu ni kwamba taasisi zitalitekeleza kwa kununua mfumo mpya, kwa sababu kununua kuna mkataba, kuna semina na kuna uzinduzi, wakati kuandika ukurasa mmoja wenye ombi kamili na jibu kamili hakuna posho. Ningekuwa na sauti, ningedai huduma yoyote inayofunguliwa kwa wengine, iwe ya serikali au ya benki au ya bima, isizinduliwe mpaka mtu asiyeijua, aliye nje ya jengo lao, aandike bahasha kwa mkono kwa kufuata maelezo yao tu, aitume kwenye seva yao ya majaribio, na apate jibu. Pia apate kila hitilafu waliyoiorodhesha. Akishindwa, warudi wakarekebishe maelezo. Mtu huyo hahitaji kuwa mtaalamu. Mhasibu anatosha.

Walimu wa vyuo nao nina neno nao, kwa heshima, maana vijana wanaonifikia wanatoka mikononi mwao. Wanajua kuita huduma kwa maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, na wengine wanaijua PHP kuliko mimi. Ukiwaambia nionyeshe ulichotuma, hawajui pa kutazama. Wanakuonyesha msimbo wao, wakati mimi nataka herufi zilizotoka kwenye kompyuta. Kijana mmoja alinihakikishia ametuma jina la mteja sawasawa, na kwenye msimbo lilikuwa sawasawa kweli. Mteja ni duka la kule Ngamiani ambalo jina lake lina alama ya &. Alama hiyo ikiingia kwenye XML bila kuandikwa &amp; inavunja bahasha nzima, na maktaba ingemficha jambo hilo maisha yake yote. Tulichapisha bahasha kwenye karatasi, nikampa kalamu nyekundu, akaipata mwenyewe. Wape wanafunzi somo moja la namna hiyo, waandike kwa mkono, watume, wavunje kwa makusudi, wasome Fault. Wakishamaliza watumie maktaba wanayoitaka. Hata mimi ningekuwa na huduma yenye vitendo mia na saini za usalama ndani ya vichwa vya bahasha, nisingeandika kwa mkono, ningetafuta maktaba siku hiyo hiyo.

Kuna atakayesema nashikilia mambo ya zamani kwa sababu nimezeeka nayo. Sishikilii. Huduma mpya nikiulizwa leo iandikwe vipi, nitasema JSON, ni nyepesi na vijana wanaipenda. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba tatizo letu lina mabano ya pembe, na kwamba tukiyabadili kuwa mabano ya mawimbi limekwisha.

Ndugu msomaji wa wiki iliyopita, kama una dakika chache, chukua bahasha niliyoiandika hapo juu uitume kwenye huduma ya majaribio ya VIES kama ilivyo. Ukijibiwa true, badilisha 100 iwe 301, kisha utuandikie kupitia gazeti hili ni mfumo gani hapa kwetu, wa SOAP au wa JSON, uliokujibu kwa uwazi namna hiyo ulipokosea. Kama upo, nitafurahi kuujua, maana kuna makontena mawili yangu hadi leo yapo kwenye msimbo 99.

Mhasibu mwandishi wa programu,
Chumbageni, Tanga